Saiti ikifunguka kwako usiseme seva iko sawa

Jamani wenye saiti zinazopita kwenye CDN (seva za kati zinazosambaza nakala za saiti karibu na wageni, kama Cloudflare) nisikilizeni, maana hili lilinila siku mbili nzima za msimu, mwezi wa 7, wakati gesti za Jambiani, Zanzibar, zinapokea oda kila saa.

Bi mkubwa mmoja mwenye gesti huko, saiti yake naiangalia mimi, akanipigia asubuhi: "Mwanangu, wageni wa Italia wanasema saiti haifunguki." Nikafungua kwenye simu, niko Darajani, inafunguka fasta. Nikaingia kwenye seva yenyewe iko Ujerumani, nayo nzima. Nikamwambia ni mtandao wa huko kwao. Nilikosea, na wageni wakamkimbia.

Kumbe njia ziko mbili, moja kutoka kwa mgeni mpaka CDN na nyingine kutoka CDN mpaka seva mama, na hii ya pili ndo sikuigusa kabisa. Mimi nilikuwa napewa nakala ya keshi tu, yaani iliyohifadhiwa kwenye CDN. Ukipiga curl -I (amri ya kuuliza saiti majibu yake bila brauza) kwenye saiti inayopita Cloudflare angalia mstari wa cf-cache-status, ukiona HIT ujue ombi lako halijafika kwenye seva, weka ?t=123 mwisho wa anwani upate MISS, yaani nakala haipo na ombi limefika kwenye seva, ndo upime.

Kesho yake jioni mgeni mmoja akatuma picha ya skrini, 521. Namba hizi zisome vizuri: 521 seva imekataa kuunganishwa, 522 CDN imesubiri mpaka muda ukaisha, 525 CDN na seva wameshindwa kuelewana kwenye SSL (usimbaji wa https), 526 cheti cha seva hakikubaliki. Sasa seva nzima inamkataa nani? Nikapima bila kupita CDN:

curl -I --resolve jina-la-saiti:443:IP-ya-seva https://jina-la-saiti/

Ikanijibu 200. Yaani mimi inanikubali, CDN inaikataa, basi hapo ni fayawoli tu hamna jengine. Nikafungua fail2ban, programu ya seva inayofungia IP zinazokosea paswedi mara nyingi, nikakuta IP za CDN zimefungiwa kibao, maana maroboti yalikuwa yanajaribu paswedi za WordPress na kwenye logi kila mtu anaonekana kaja na IP ya CDN, kwa hiyo ikafungia mlango wanaopitia wageni wote wa upande ule.

Nikazifungua, nikaweka orodha ya IP za CDN kwenye ignoreip (orodha ya IP ambazo fail2ban haizifungii), halafu nikaiambia nginx, programu inayotoa kurasa za saiti kwenye seva, isome IP ya mgeni kwenye CF-Connecting-IP, heda (mstari wa maelezo unaoambatana na ombi) ambayo Cloudflare inaweka, lakini iamini hiyo heda ikitoka kwenye IP za CDN peke yake, la sivyo mtu yeyote anajiandikia IP anayotaka. Na hao wasumbufu wafungie kule kule kwenye CDN, ukimfungia kwa IP yake kwenye fayawoli ya seva haisaidii kitu, pakiti zake zinaingia kwa IP ya CDN.

Usiku ule ule Bi mkubwa akapata oda mbili, akanitumia vois: "Zimeingia mwanangu."