Domeini kaishika fundi, nifanyeje?

Meseji zenu za blogu na websaiti zimekuwa nyingi, nimechagua chache. La kwanza, la domeini (lile jina la anwani ya blogu, linaloishia na .com na kadhalika), nalijibu kwa kirefu maana linaniuma kwa kweli, watu wanapoteza kazi za miaka kwa jambo ambalo lingezuilika siku ya kwanza.

SWALI: Habari dada. Nina blogu ya mapishi, alinitengenezea kijana mmoja hapa mjini, kila mwaka namtumia hela ya domeini kwa simu yeye ndo analipia. Sasa hapatikani, namba imezimwa, na mwezi ujao domeini inaisha. Paswedi ya kuingia kuandika ninayo, ya domeini sina. Ndo nimeshaipoteza? – Mama Mapishi, Morogoro

JIBU: Pole sana mama, ila hujapoteza kitu bado. Anza na hicho ulichonacho, hiyo paswedi ya kuandikia. Leo hii, sio kesho, ingia kwenye WordPress yako (ule mfumo unaoandikia blogu) nenda Tools halafu Export, utashusha faili lenye maandishi yako yote, mapishi, kurasa, mpaka maoni ya wasomaji. Faili hilo halibebi picha zenyewe, linabeba linki zake tu, kwa hiyo kama akaunti yako ni ya admin (yenye ruhusa zote) weka na plagini (programu ndogo ya kuongezea) inaitwa UpdraftPlus, ya bure inatosha, uiunganishe na Google Drive yako (zile GB 15 za bure unazopata ukiwa na Gmail) ibebe kila kitu na picha zake. Hapo hata likitokea la kutokea, kazi yako unayo mkononi.

Ukishamaliza ndo tuingie kwenye domeini. Fungua lookup.icann.org andika jina la blogu yako, kama inaishia na .com itakuonyesha imesajiliwa kampuni gani na inaisha tarehe ngapi. Jina la mwenyewe mara nyingi linakuwa limefichwa, usishtuke, unachotafuta ni hiyo kampuni. Afu kusanya ushahidi wote, meseji za hela ulizokuwa unamtumia, mazungumzo yenu ya WhatsApp yanayotaja domeini, na kama jina la blogu ndo jina ulilosajili biashara yako basi na cheti chake, waandikie hiyo kampuni uwaeleze kila kitu kwa utaratibu. Nikwambie ukweli, kwao mwenye domeini ni yule aliyeandikwa kwenye usajili, sio aliyetoa hela, kwa hiyo wanaweza wakakataa kukukabidhi. Lakini waulize na hili: je naweza kulipia mwaka mwingine hata kama akaunti sio yangu? Kuna kampuni zinakubali, na hapo unakuwa umenunua mwaka mzima wa kumtafuta kijana.

Na huyo kijana mtafute kwa upole, kupitia ndugu, marafiki, wateja wake wengine, maana njia rahisi kuliko zote ni yeye mwenyewe akuhamishie domeini kwenye akaunti yako, au akupe ile kodi (namba ya siri, sio malipo) ya kuihamishia kampuni nyingine. Ukianza na vitisho vya polisi atajificha zaidi.

Tarehe ikipita pia usikate tamaa. Domeini ya .com haifutwi siku inapoisha, kampuni nyingi zinaishikilia kwanza, inaweza kufika hata siku 45, afu zinakuja siku 30 ambazo bado inaweza kukombolewa kwa malipo ya ziada (na sio madogo), afu siku 5 za mwisho ndo inafutwa na yeyote anaweza kuichukua. Ila kampuni nyingine zinaanza kuinadi mapema humo katikati, kwa hiyo usikae ukazihesabu hizo siku kama za kwako.

Na nyie mnaosoma ambao bado hamjafikwa, fundi kusajili domeini kwa jina lake ni sawa na fundi aliyekujengea nyumba kuandika hati ya kiwanja kwa jina lake. Wengi hawafanyi kwa ubaya, wanarahisisha kazi tu, lakini fundi anaweza kuhama, kuugua, kufariki, kubadili imeili. Fungua akaunti mwenyewe kwa imeili yako, lipia mwenyewe, afu fundi mpe ruhusa ya kuingia afanye kazi yake.

SWALI: Mambo vipi dada, websaiti yangu ya nguo inachelewa sana kufunguka kwenye simu, wateja wanalalamika inakula bando. Niongeze hosti kubwa? – Kijana wa Kariakoo

JIBU: Poa kaka. Usilipe kwanza hosti kubwa (hosti ni kampuni inayoitunza websaiti yako kwenye sava zake). Nenda pagespeed.web.dev weka linki yako, angalia majibu ya upande wa simu sio ya kompyuta, maana wateja wako wako kwenye simu. Kuna kipimo kinaitwa LCP, ni muda mpaka kitu kikubwa kwenye ukurasa kionekane, kikiwa chini ya sekunde 2.5 uko vizuri. Nina hakika nusu ya tatizo ni picha, watu wanapiga na simu afu wanapandisha vile vile ilivyotoka, MB 4 au 5 picha moja, na ukurasa una picha ishirini, sasa bando la nani litavumilia?

Tumia squoosh.app, ni ya bure na inafanya kazi ndani ya brauza yako humo humo, picha haiendi popote. Punguza upana ufike kama pikseli 1200, chagua WebP (aina ya faili la picha lililo jepesi), utaona MB 4 inashuka mpaka chini ya KB 200 na jicho la kawaida halioni tofauti. Zikiwa nyingi tumia TinyPNG, unaweka kadhaa kwa mpigo. Baada ya hapo unganisha na Cloudflare kwa mpango wao wa bure, inatunza nakala ya picha na vitu vingine vizito vya websaiti yako kwenye vituo vyake vya sehemu mbalimbali duniani, na vipo mpaka Dar, Nairobi na Mombasa, ili visisafiri kila mara kutoka kwenye sava iliyoko Ulaya au Marekani. Ukifanya yote hayo na bado inachechemea, ndo tuongelee hosti.

SWALI: Brauza inaandika websaiti yetu ya kikundi si salama, fundi anataka tulipe kila mwaka kwa ajili ya cheti. Ni lazima? – Mwanakikundi, Mombasa

JIBU: Sio lazima. Cheti hicho ndo kinaiwezesha websaiti kufunguka kwa https, yaani mawasiliano yaliyofungwa, na Let's Encrypt wanavitoa bure tangu mwisho wa 2015, na kwa websaiti ya kikundi kinatosha kabisa. Kinadumu siku 90 lakini hosti nyingi zinakihuisha zenyewe bila wewe kujua. Waandikie hosti wenu waulizeni kama wanavyo hivyo vya bure, na kama hawana mimi ningehama. Hela ya fundi mlipeni kwa kazi yake ya kukiweka, hiyo ni haki yake, ila cheti chenyewe kisiwe deni la kila mwaka.

SWALI: Nina blogu ya kilimo kwa Kiswahili, AdSense imefika dola 10 wakasema wanatuma barua yenye PIN. Nasubiri mpaka leo. – Mkulima, Mwanza

JIBU: Kwa wasioijua, AdSense ni huduma ya Google inayokulipa kwa matangazo kwenye blogu yako, na PIN ni namba ya kuthibitisha anwani yako. Hiyo barua inakuja kwa posta ya kawaida kabisa, inaweza kuchukua wiki kadhaa. Angalia anwani uliyojaza, watu wengi wanaandika jina la mtaa wakati posta kwetu inafika kwenye sanduku, kwa hiyo iandikwe S.L.P. na namba yake na mji. Kama huna sanduku omba la shule, la kanisa au msikiti, la mtu unayemwamini, na umwambie anayechukua barua kuwa unasubiri bahasha. Isipofika omba nyingine humo humo kwenye akaunti. Usiiache tu ikae, maana ikipita miezi 4 bila kuingiza PIN matangazo yanasimamishwa. Na ujue hela yenyewe inatoka ukifika dola 100, blogu changa inachukua muda mrefu kufika huko, kwa hiyo kama una miche au mbegu za kuuza weka na namba yako ya WhatsApp chini ya kila makala, unaweza kupata wateja kabla hizo dola 100 hazijafika.

SWALI: Nitajuaje Google wanaiona blogu yangu? – Mwalimu, Kigoma

JIBU: Search Console mwalimu, ni huduma ya Google wenyewe, ya bure. Unaingia kwa Gmail yako, unathibitisha kuwa blogu ni yako, afu unawapa ramani ya blogu (faili lenye orodha ya kurasa zako). Kama ni WordPress yako mwenyewe, kuanzia toleo la 5.5 la mwaka 2020 ramani inajitengeneza, andika anwani yako na mwishoni uongeze /wp-sitemap.xml utaiona.

Raha yake kubwa ni kwamba inakuonyesha maneno ambayo watu waliyaandika Google mpaka wakakuta ukurasa wako. Unaweza kukuta umeandika kichwa cha habari kizito cha kitabuni, kumbe wanafunzi wanatafuta "maswali ya form two" hivyo hivyo, basi na wewe weka maneno hayo kwenye kichwa chako. Gmail ya mwenye akaunti iwe yako, ukitaka fundi akusaidie muongeze kama mtumiaji kwenye Settings, kazi ikiisha unamtoa. Takwimu hazianzi siku hiyo hiyo, rudi baada ya siku chache.