Lafudhi, mkazo na kile kialama juu ya herufi: kwa wanaoanza kuhariri na kusoma kwa sauti

Wengi mnaoingia kwenye kazi hii ya kuhariri na kusoma maandishi mbele ya kipaza sauti mnakuja na hofu ya lafudhi. Je, watu watanicheka wakisikia ninakotoka? Nami nilikuwa hivyo hivyo. Nilipoteza muda mwingi nikihangaika na kitu kisicho na hatia, huku kinachoniharibia kazi nimekipa mgongo.

Sehemu ya mkanganyiko inatoka kwenye Kiingereza, ambacho kina neno moja tu, "accent", kwa mambo mengi: namna mtu anavyotamka, silabi inayotamkwa kwa nguvu zaidi, alama inayokaa juu ya herufi, noti inayopigwa kwa nguvu, hata rangi kidogo inayovuta jicho kwenye picha. Sisi tunayo lafudhi, mkazo (wengine husema shadda), kiimbo, alama. Kwa hiyo bosi akikwambia kwa Kiingereza urekebishe kitu hicho, muulize kwanza anamaanisha kipi. Usione haya. Mara nyingi hata yeye hajajiuliza.

Tuanze na lafudhi. Kila mtu anayo, na anayejiona hana huwa amezoea tu kuzungukwa na wanaotamka kama yeye. Kipimo changu ni kimoja: je, maana imehama? Ukisema "gali" badala ya "ghali", msikilizaji atajua tu ulikotokea, basi. Lakini ukitaka kusema thamani ya nyumba ikatoka samani ya nyumba, umetangaza makochi na meza. Kadhalika anayewahimiza watu waende kupiga kura, ikasikika kula. Hapo fanya mazoezi hadi ulimi ukubali. Pengine pote acha sauti yako iwe yako. Msomaji anayejibana mdomo ili asijulikane kwao husikika kama amevaa viatu vya mwenzake.

Kilichokuwa kinaniangusha mimi ni mkazo. Kiswahili kinatudanganya hapa kwa wema wake: mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila mara, kwa hiyo tunaacha kuufikiria. Katika wiki yangu ya kwanza studio nilikuta sentensi "Walikataa katakata." Nikaisoma kwa kanuni, ka-ta-KA-ta. Fundi mitambo akazima, akaniuliza kwenye spika: "Walikataa kukatakata nini, kuni?" Ilitakiwa ka-TA-ka-ta. Ndivyo ilivyo kwa barabara: ba-ra-BA-ra ni njia, lakini kazi iliyofanyika vizuri imefanyika ba-RA-ba-ra. Na ala, ambayo ukiibana mwanzoni ni chombo, ukiibana mwishoni umeshtuka. Maandishi hayatakuonyesha tofauti hizi. Tangu siku ile kila nakala naipitia na penseli kabla ya kurekodi, napiga mstari chini ya silabi inayoweza kunigeuka. Kiimbo nacho kina kazi yake, maana "Amekuja" ni habari au swali kutegemea sauti inapanda au inashuka, ila hicho wazawa wa lugha hawakikosei sana.

Kwenye maandishi tuna kasoro ya namna nyingine. Tahajia yetu haina alama juu ya herufi. Tulicho nacho ni kile kikoma cha juu kinachotenganisha ng'oa, yaani kutoa kitu na mizizi yake, na ngoa, yaani wivu au tamaa. Kwa sababu hiyo tukikutana na alama za wenzetu tunaziona mapambo, tunazifuta. Kwa Kihispania papa ni Baba Mtakatifu, papá ni baba wa nyumbani. Kwa Kiyoruba igba ni 200, igbá ni kibuyu, ìgbà ni wakati. Kwa Kiyoruba alama hizo zinabeba toni, yaani sauti kupanda au kushuka kwenye silabi, na toni ndiyo inayotenganisha neno na neno. Ukifuta alama hizo umembadilishia mtu neno, au jina lake.

Halafu kuna mtego wa kompyuta ambao hakuna aliyenionya. Herufi é inaweza kuhifadhiwa kama herufi moja, au kama e ya kawaida ikifuatwa na alama iliyo peke yake. Kwenye kioo zinafanana kabisa. Niliwahi kutafuta José kwenye orodha ndefu ya majina, mashine ikaniambia hayupo, nami namwona pale mbele yangu. Kabla ya kutafuta au kupanga majina kwa alfabeti, sawazisha faili lote liwe na umbo moja.

Kwa upande wa sanaa, somo nililipata kwa Turner, mchoraji wa Uingereza. Mwaka 1832, kwenye maonyesho ya Royal Academy jijini London, picha yake ya bahari ya kijivu ilitundikwa jirani na ya mchoraji mwenzake, Constable, iliyokuwa inang'aa, na Constable bado anaiongezea rangi nyekundu. Turner akaja, akaziangalia zote mbili, akaweka doa moja jekundu kwenye bahari yake, la ukubwa wa kushinda sarafu kidogo, akaondoka bila neno. Constable alipoliona akasema Turner amepita hapo na kufyatua bunduki. Baadaye doa lile likatengenezwa likawa boya.

Lilifanya kazi kwa sababu kulizunguka palikuwa kijivu kitupu. Mpiga ngoma analijua hilo: akikaza kila pigo, hakuna lililokazwa. Siku hizi nikiletewa ukurasa wenye maneno kumi yaliyokolezwa wino, nabakiza moja, kisha namrudishia mwandishi na kumuuliza kama ndilo lenyewe.