Lubunga kwenda mjini Kisangani ni kuvuka kwa maji

Ndugu, umeuliza kama kuna daraja la kuvukia Mto Kongo hapa Kisangani, Kongo (DRC), maana umesikia kuna daraja juu ya mto huu. Hapana, hapa daraja hakuna. Kati ya komini (sehemu za utawala za mji) sita za Kisangani, Lubunga peke yake iko ng'ambo ya kushoto ya Mto Kongo, kwa hiyo anayelala kule na kufanya kazi Makiso, komini ya katikati ya mji, anavuka kwa mtumbwi asubuhi na jioni. Hilo daraja unalolisema ni la Matadi, lililofunguliwa 1983, tena liko karibu na bahari, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapa.

Nimevuka mwenyewe miaka kadhaa. Mitumbwi ni ya mti mmoja, mingine ya kasia, mingine ya mota. Unakaa katikati ya magunia ya makaa na mafungu ya sombe (majani ya muhogo), viatu mkononi maana chini hapakosi maji, na mwenye kasia anaanza kwa kupanda juu kando ya ukingo ndipo aukate mto, la sivyo mkondo unakushusha mbali na bandari. Pikipiki nazo zinavushwa hivyohivyo!

Ila wingu likifunga, subiri. Mtumbwi uliojaa hauna msamaha kwa upepo.