Mrija wa fataki, si mrija wa mshtuko

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni msimamizi wa usalama kwenye machimbo ya kokoto mkoani Pwani. Tumeachana na fataki za umeme (fataki kwetu ni vile vichupa vidogo vya kuamshia baruti). Sasa tunatumia zile zenye kijimpira chembamba cha rangi kinachotoka kwenye fataki hadi alipo mlipuaji. Nimepewa mwongozo wa Kiingereza niutafsiri na kuubandika ukutani. Nimeandika: “Mfumo usio wa umeme wa mirija ya ishara ya mshtuko kwa ajili ya kuanzisha chaji kwa rimoti.” Vijana wameusoma wakacheka, na mmoja akauliza hiyo chaji ni ya simu ya nani. Wenyewe wanaita “noneli” tu. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Hao vijana usiwakasirikie, wamekufanyia kazi ya uhariri bure. Sentensi yako haina kosa la sarufi hata moja, ila msomaji akiifikia nukta atakuwa na picha ya kitu kinachotumia umeme, kina betri, na kinabonyezwa kama televisheni. Kifaa chenyewe kiliundwa kukwepa mambo hayo hayo.

Nianze na “mshtuko”. Anayejua fizikia ataelewa, kwa kuwa wimbi la mshtuko ni istilahi ya darasani. Lakini mfanyakazi wa machimbo akisikia mshtuko karibu na waya, mawazo yake yanakwenda kwenye shoti. Mshtuko ni wa umeme, au ni wa moyo, au ni wa habari mbaya. Ndani ya kijimpira chenu hakuna umeme wowote. Ukuta wake wa ndani umepakwa vumbi jembamba sana la kilipuzi. Likichokozwa upande mmoja, wimbi la mlipuko hupita katikati ya mrija kwa kasi ya kama mita 2,000 kwa sekunde na kuifikia fataki upande wa pili, huku mrija wenyewe kwa nje ukibaki mzima. Faida yake ni kwamba umeme uliozagaa ardhini, ule unaojikusanya kwenye nguo zikisuguana, na mawimbi ya redio, vitu vilivyokuwa vikiwatia hofu watumiaji wa fataki za umeme, havina njia ya kuuamsha kirahisi. Sasa wewe unaandika “mshtuko” ukutani, na hofu ile ile unairudisha kwa mlango wa nyuma.

Hiyo “noneli” nayo si neno la mtaani kama unavyodhani. Ni jina la biashara, Nonel, lililotoka Uswidi kwa kampuni ya Nitro Nobel, ambako teknolojia hii ilibuniwa na kuingia sokoni kati ya miaka ya 1960 na 1970. Wameunganisha vipande vya maneno ya Kiingereza yenye maana ya “isiyo ya umeme”. Kinachonifurahisha ni kwamba Kiswahili cha zamani kina neno neli, lenye asili ya Kihindi, na maana yake ni bomba jembamba au mrija! Kijana anayesema noneli, bila kujua, amelitaja neno la babu zake ndani ya jina la Mswidi. Ni sadfa tu, msije mkaniandikia kwamba Waswidi walituibia. Kwa mazungumzo ya kazini, noneli iacheni iendelee. Kwenye maandishi ya usalama siishauri, maana kesho mtanunua mzigo wa kampuni nyingine wenye jina lingine kwenye boksi, na mgeni kazini hatajua kuwa ni kitu kile kile.

“Usio wa umeme” je? Kukitaja kitu kwa kile ambacho sicho si dhambi, Kiswahili hufanya hivyo kila siku. Tatizo ni kwamba njia za kuamsha baruti zisizo za umeme si za aina moja, na hapa ndipo ninapokuomba unisome polepole.

Mwaka 1831 William Bickford, mfanyabiashara wa ngozi huko Cornwall, Uingereza, aliwatazama wasokota kamba wakifanya kazi, akapata wazo la kusokotea baruti ndani ya uzi. Ukapatikana utambi unaoungua kwa mwendo wa kutabirika. Tambi za kisasa za aina hiyo huchukua karibu dakika mbili kumaliza mita moja, ili aliyewasha apate kuondoka. Nao hauna umeme. Kwa hiyo “isiyo ya umeme” inaubeba utambi wa dakika mbili kwa mita na mrija wa mita 2,000 kwa sekunde kwenye kapu moja. Kwenye gazeti isingekuwa hoja. Kwenye ukuta wa machimbo, mtu anayevichanganya hivyo viwili hatapata nafasi ya kurekebisha tafsiri.

Ndiyo maana sikubaliani na wenzangu ambao wangekupa neno “utambi” moja kwa moja. Ni neno zuri, lina ukoo. Kuna utambi wa koroboi, wa kandili, wa jiko la mafuta ya taa, na mantiki yake ni ile ile: kitu chembamba kinachokutanisha moto na chakula chake. Lakini utambi huwashwa kwa kiberiti na unaungua ukiuona. Ukimwambia mtu “utambi”, mwili wake wote unaelewa kwamba muda upo. Mrija huu haumpi muda wowote. Wingi wake nao ni mtihani: utambi mmoja, tambi nyingi. Andika “hesabu tambi kabla ya kulipua” uone kama hutaulizwa zinapikwa kwa sukari au kwa nyama.

Nikiri udhaifu wangu. Nilipopata barua yako, neno la kwanza kunijia lilikuwa mrao. Ni neno la pwani, la enzi za bunduki za kushindilia, na maana yake ni ule uzi unaofukuta moto taratibu ukasubiri kuguswa baruti. Bunduki ya namna hiyo iliitwa bunduki ya mrao. Ikaja ya gumegume, iliyochokoza moto kwa jiwe (na ambayo jina lake wanawake wa Kiswahili walilikabidhi baadaye kwa mume asiye na faida). Kisha ikaja bunduki ya fataki. Tazama mfuatano huo: moto wa kusubiri, moto wa jiwe, moto wa kugonga. Babu zetu walikuwa na istilahi kamili za kuamsha baruti kabla hatujaanza kulia kwamba Kiswahili hakina maneno ya kiufundi. Natamani mrao urudi. Lakini ukuta wa machimbo si mahali pa kufufulia maneno. Anayelisoma onyo anatakiwa alielewe kabla hajamaliza kulisoma. Mrao tutaurudisha kwenye riwaya.

Fataki, kwa upande wake, haina haja ya kufufuliwa kwa sababu haijafa. Imetoka Bara Hindi. Wagujarati hadi leo huziita baruti zao za sikukuu fatakda. Kwetu ilianza kuwa kile kikofia cha bunduki kinachogongwa na kutoa cheche, ikaendelea kuwa urembo wa angani usiku wa mwaka mpya, na ikabaki kuwa jina la kile kichupa cha metali kinachoiamsha baruti. Watanzania wameiongezea maana ya nne: kampeni moja ya redioni ya mwishoni mwa miaka ya 2000 ilimpa jina la Fataki mtu mzima anayewarubuni wasichana wadogo, na jina likamganda. Usihofu kuchanganya. Penye baruti na mwamba, hakuna atakayedhani unamsema mzee wa mtaa wa pili.

Basi kijimpira chako kiite mrija wa fataki, na wingi wake mirija ya fataki. Neno mrija linampa msomaji umbo lake, kwamba kiko wazi ndani, na neno fataki linamwambia kimeungwa na nini na kwa nini asikichezee. Kuhusu “ishara”, iondoe kabisa. Ishara ni ya mkono, ya polisi wa barabarani, ya mvua. Kinachopita humu ni amri isiyorudishwa. Jambo moja utalazimika kuvumilia: wazee waliokuwa watu wazima siku za Azimio la Arusha mwaka 1967 wamezoea kuambiwa wakate mirija ya wanyonyaji. Ukibandika “USIKATE MRIJA”, atatokea mmoja wa kukuuliza siasa imebadilika lini.

Kwenye “chaji” vijana wako wamekushinda kihalali. Chaji kwa Mswahili wa leo ni ya simu. Wazee wa bunduki walisema kiasi, yaani kipimo cha baruti cha mlio mmoja, lakini leo neno hilo limebanwa na bei za sokoni. Sema baruti, basi. Na ukitaka kutaja ile iliyokwisha kuwekwa ndani ya mwamba, sema baruti iliyoshindiliwa. Kushindilia ni kitenzi cha gobore, na bado kiko hai hata kwenye magunia ya mkaa.

“Kuanzisha” nako kumepoa mno. Tunaanzisha mradi, tunaanzisha ugomvi. Baruti hulipuliwa. Nashauri mlipuaji abaki mlipuaji, ingawa najua kitenzi kulipua kina tabia mbaya ya pembeni: fundi anayelipua kazi ni yule aliyeharakisha akaacha nyufa. Muktadha utakutetea.

Nimeiacha “rimoti” mwisho kwa sababu ndiyo iliyonikalisha. Rimoti ni kidude cha mkononi chenye betri, kwa hiyo haifai, sababu ni ile ile ya mshtuko. Wengi wangeirekebisha kwa kuandika “kulipua kwa mbali”, na hapo Kiswahili kinawageuka. Kwa mbali, kwetu, mara nyingi ni kwa ufifi: “nilimsikia kwa mbali”, “kwa mbali anafanana na mjomba wake”. Kulipua kwa mbali kunaweza kusomeka kama kulipua kidogokidogo. “Kulipua kutoka mbali” ni afadhali, lakini kunaeleza njia ya baruti kuliko mahali pa mtu, na kinachotakiwa kuwa mbali ni mtu. Kiswahili kina umbo la kusema hivyo bila kuhangaika: kulipua ukiwa mbali. Kiambishi ki kinaweka sharti ndani ya kitendo, kwamba kama hujawa mbali, basi kulipua kwenyewe hakupo.

Ubao wako ungesomeka hivi: “Hapa tunatumia mirija ya fataki. Usiikate, usiivute, usiikanyage. Baruti hulipuliwa na mlipuaji mwenye cheti, akiwa mbali.”

Umeniuliza pia kwenye nyongeza kuhusu fataki zinazolipuka kwa kupishana sehemu ndogo za sekunde, ambazo umeziita “fataki za kuchelewa”. Libadilishe hilo leo hii kabla hujala chakula cha mchana. Kitu kilichochelewa ni kitu kilichotakiwa kuwa kimefika, na mtu akisikia fataki imechelewa ataenda kuitazama. Ziite fataki za kupishana. Ile ambayo kweli imegoma usiitafutie jina la kuficha, iandike kwa urefu wake: baruti iliyobaki bila kulipuka, usiisogelee, mwite mlipuaji.