Jibu: Tuzo za wahitimu wa sheria, tuanze na nani?

Ndugu, umeuliza kama kamati yenu ya wahitimu ianze na waliopata vyeo vikubwa au na walimu. Mimi nasema anzeni na walimu, na msiishie kusoma orodha ya vyeo.

Chukua Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa 1961 kikiwa cha kwanza Afrika Mashariki. Wahitimu wenye majina wapo: Joseph Warioba alikuwa Waziri Mkuu, Willy Mutunga akawa Jaji Mkuu wa Kenya mwaka 2011. Wanastahili kabisa. Lakini mtazame Issa Shivji, aliyehitimu pale na kufundisha pale pale kuanzia 1970 hadi 2006. Mwaka 1991 alikabidhiwa uenyekiti wa Tume ya Rais kuhusu masuala ya ardhi, iliyozunguka mikoani kusikiliza wanavijiji wakieleza migogoro yao. Tume ilipendekeza mamlaka ya juu ya ardhi yasibaki kwa Rais. Sheria za ardhi za 1999 hazikulikubali hilo, ila ripoti ile bado inanukuliwa. Kazi ya namna hiyo ndiyo isomwe mbele ya wageni, tena kwa kirefu.

Na tafadhali msimsahau Julie Manning, aliyesoma sheria pale miaka ya 1960 na kuwa Waziri wa Sheria mwaka 1975. Inaniuma anavyotajwa kwa nadra.

Walio hai waalikeni tangu asubuhi, wakae na wanafunzi na kujibu maswali yao kabla ya hafla ya jioni.