Lumeni Elfu Moja za Nini, Kama Unamulika Matawi?

Nairobi haina jioni ndefu. Mwaka mzima jua linazama kabla ya saa moja, na likishazama giza haliombi ruhusa. Maswali ya safari hii yametoka kwa watu wanaorudi kutoka kazini usiku au wanaotoka nyumbani alfajiri, na yote ni ya taa ya mbele ya baiskeli. Mengine nayajibu kwa kirefu, mengine kwa mkato.

Fundi, nimeona taa mbili Luthuli Avenue. Moja imeandikwa lumeni 400, nyingine 1,000, na bei zinakaribiana. Mimi hupita Thika Road usiku. Si nichukue ile kubwa tu? (Kasarani)

Usitoe pesa kabla hujaziwasha. Lumeni huhesabu mwanga wote unaotoka kwenye taa, uende barabarani, uende kwenye matawi au uende machoni mwa mama anayekuja na mzigo. Kinachokufaa wewe ni ule unaotua kwenye lami mbele ya tairi, na huo hupimwa kwa luksi, yaani lumeni zinazoangukia kila mita moja ya mraba.

Mwombe muuzaji akuwashie zote mbili, uzielekeze ukutani mahali penye kivuli. Taa yenye umbo la tochi itachora duara: katikati peupe kabisa, pembeni panafifia, na nusu ya duara iko juu ya usawa wa taa yenyewe. Nusu hiyo umeilipia, lakini haitakuonyesha shimo hata moja. Taa ya barabarani huchora umbo pana lenye ukingo ulionyooka juu, vile taa za gari hufanya zikiwa kwenye dimu. Chungulia na lenzi pia. Ikiwa na mistari, au ukiona LED imegeuzwa imulike kioo kilicho ndani badala ya kukutazama usoni, kuna mtu aliyefikiria barabara alipoitengeneza.

Wajerumani wameliweka hili kwenye sheria. Taa ya mbele ya baiskeli kwao haipewi kibali ikiwa inatia watu kiwi, na iliyopita ukaguzi hubeba alama ya herufi K, kimstari cha wimbi na namba. Ukiikuta kwenye baiskeli ya mtumba, usimruhusu muuzaji aing'oe. Wala usijali kwamba wao hupita upande wa kulia. Mwanga wa taa hizo kwa kawaida umelingana kushoto na kulia.

Kwa barabara yenye taa zake, kama sehemu nyingi za njia yako, lumeni 400 zilizolengwa vizuri zinatosha na kubaki. Na hiyo elfu moja naitilia shaka. Soma jibu linalofuata.

Boksi la taa yangu linasema inakaa na chaji saa sita. Baada ya saa mbili naona njia kwa imani tu. Nimeuziwa feki? (Pipeline)

Huenda, na huenda boksi halijasema uongo wowote. Watengenezaji wengi wa tochi, na baadhi ya wale wa taa za baiskeli, hufuata kanuni ya Marekani iitwayo FL 1. Kwa kanuni hiyo, saa zinahesabiwa mpaka mwanga ushuke hadi asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Kwa hivyo lumeni 400 zikishakuwa 45, taa bado "inafanya kazi". Hata umbali ulioandikwa una ujanja huohuo: hupimwa hadi pale mwanga unapobaki robo ya luksi, sawa na mbalamwezi pevu. Nani anakwepa shimo la Outer Ring kwa mbalamwezi?

Sasa fungua taa, kama inafunguka. Betri nyingi za ndani huitwa 18650, kwa sababu zina upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Za kweli hubeba kati ya mAh 2,500 na 3,500 (mAh ni kipimo cha chaji ya betri). Ukiona imeandikwa 9,900, huo ni wino tu, kwa maana betri ya saizi hiyo haijawahi kubeba kiasi hicho. Ya kweli pia ina uzito wa gramu 45 au zaidi kidogo, na feki nyingi ni nyepesi kwa njia inayoonekana hata kwenye mizani ya jikoni.

Hesabu yenyewe si ngumu. Betri nzuri moja ina kama wati 12 za saa moja. Taa nzuri ya LED hutoa takriban lumeni 100 kwa kila wati. Lumeni 1,000 basi zinakula wati 10, na betri inaisha kwa saa moja na dakika chache. Lumeni 400 zitakufikisha karibu saa tatu. Mtu akikuuzia kitaa chenye betri moja, lumeni elfu, saa sita, muulize hizo wati nyingine zinatoka wapi.

Mimi ni dereva wa matatu, naenda Rongai. Sina baiskeli, ila waambie watu wako: Magadi Road usiku wanatupofusha. (Rongai)

Umenena, ndugu dereva, ingawa na nyinyi fulu zenu tunazijua.

Wenye baiskeli, fanyeni hivi leo jioni. Simamisha baiskeli mita 5 kutoka ukutani, yaani hatua kama saba za mtu mzima, wewe ukiwa umekaa juu yake na mwenzako ameishika. Pima kimo cha taa kutoka chini. Kwenye usukani mara nyingi ni kama sentimita 100. Piga alama ya chaki ukutani kwa nusu ya kimo hicho, hapa sentimita 50. Inamisha taa mpaka kitovu cha mwanga kitue kwenye alama ya chaki, na mwanga utagusa lami mita 10 mbele yako. Mwenye taa yenye ukingo ulionyooka anaweza kuinua zaidi kidogo, mradi ukingo ubaki chini ya kimo cha taa hata ukienda mbali na ukuta.

Halafu yaje matuta. Kifungio cha mpira huteleza, na baada ya matuta matatu taa yako inatazama nyota au inatazama tairi. Usukani nao una unene tofauti: wa kisasa hufika milimita 31.8 katikati, wa zamani 25.4. Kifungio kikiwa kipana, kata kipande cha tyubu kuukuu, kizungushe kwenye chuma kwanza, ndipo ukaze. Hakitateleza tena.

Kaka, nashuka kutoka Limuru kupitia Waiyaki Way saa kumi na moja alfajiri. Kuna ukungu na mteremko. Ninunue taa gani? (Limuru)

Dada yangu, anza na breki. Kwa kilomita 20 kwa saa, kuanzia kuona shimo mpaka kusimama unahitaji kama mita 12. Kwa 30 ni mita 21. Kwa 40, zaidi ya mita 30, na hapo nimehesabu lami kavu na breki zinazoshika. Kwa hiyo mita 10 nilizotoa hapo juu ni za mtu wa mjini anayekwenda polepole. Wewe tafuta lumeni 600 hadi 800 zenye ukingo wa juu, uilenge mbali kidogo, na mteremkoni usipite kasi ambayo mwanga wako unaifikia.

Kwenye ukungu mambo yanageuka. Punguza nguvu ya taa, uinamishe. Taa ya kofia izime kabisa: iko karibu na macho, na matone ya ukungu yanakurudishia mwanga wote usoni. Taa iliyo chini, hata karibu na gurudumu, huona vizuri zaidi, na hata siku kavu hurefusha vivuli vya mashimo ukayaona mapema.

Je, ile ya kuwaka na kuzima ndiyo salama zaidi? (Umoja)

Mchana, sawa. Usiku, hapana: dereva anaona kimulimuli lakini hajui kiko mbali kiasi gani, nawe kati ya mwako na mwako huoni njia. Uingereza inairuhusu kati ya mara 60 na 240 kwa dakika, Ujerumani imeikataza mbele. Mimi niko na Wajerumani.

Mvua ikinyesha taa itakufa? (South B)

Angalia alama ya kuhimili maji kwenye boksi. IPX4 inahimili marusho kutoka kila upande. IPX7 inazama mita moja kwa nusu saa. Lakini kifuniko cha tundu la chaji kikiwa wazi, namba hizo hazina maana. Na ukiegesha mjini, toka nayo mfukoni, mvua au jua.

Kijana, nina baiskeli ya Black Mamba yenye dainamo ya ubavuni. Watoto wanasema nitupe. Unaonaje? (Kawangware)

Mzee wangu, usitupe. Dainamo hiyo ya volti 6, ambayo kigurudumu chake huzungushwa na tairi, hutoa wati 3 na haijui kukatika kwa stima. Kinachokuangusha ni globu ya nyuzi, inayogeuza sehemu kubwa ya wati hizo kuwa joto. Badilisha taa yote ya mbele, uweke ya LED iliyotengenezwa kwa dainamo ya volti 6. Ya betri usiiunganishe hapo, umeme wa dainamo huenda ukigeuka mwelekeo na utaiunguza. Zipo zenye kapasita ndani, yaani kifaa kidogo cha kuhifadhi umeme, zinazoendelea kuwaka dakika chache ukisimama kwenye makutano.

Itakusumbua wakati wa mvua tu, kigurudumu kikiteleza kwenye tairi. Sugua ubavu wa tairi utoke tope na mafuta. Kisha tazama dainamo kutoka ubavuni: mstari unaopita katikati yake toka juu hadi chini lazima uelekee moja kwa moja kwenye ekseli ya gurudumu. Ikikaa upande, inakula tairi na inateleza hata kiangazi. Legeza nati moja, izungushe, kaza.