Msimleweshe mtoto ili mvuke safari na karantini

SWALI: Shikamoo daktari. Nina binti wa mwaka mmoja na miezi minane. Tunahamia nchi ya mbali alikotangulia baba yake, na safari ya ndege inachukua karibu saa 11. Chanjo yake ya homa ya manjano ilichelewa kwa sababu aliumwa, kwa hiyo siku ya safari itakuwa ni siku ya nne tu tangu achanjwe. Tumeambiwa tukifika atawekwa karantini hadi siku 6, mimi na yeye katika chumba kimoja. Mwanangu hatulii hata dakika tano. Muuzaji wa duka la dawa amenipa dawa ya maji ya mafua, anasema inaleta usingizi na haina madhara. Jirani yangu naye alimpa wa kwake dawa hiyo hiyo njia nzima. Nimpe vijiko vingapi, na je, naweza kuendelea nayo mle karantini?

JIBU: Marahaba, mama. Usimpe hata kijiko kimoja, si kwenye ndege wala karantini.

Kuhusu chanjo sina la kukulaumu. Cheti cha homa ya manjano huanza kutambulika siku ya kumi baada ya kuchanjwa, na Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005 zinairuhusu nchi kumzuia msafiri asiye na cheti halali kwa muda usiozidi siku 6. Siku zako 4 na zao 6 ndizo hizo 10. Hesabu yao ni sahihi, na umefanya vizuri kutomkubali yeyote wa kukurudishia tarehe nyuma kwenye kadi ya njano, yaani cheti chenyewe cha chanjo. Wapo wanaoifanya biashara hiyo, na wanawauzia wazazi karatasi huku damu ya mtoto bado haijapata kinga.

Sasa turudi kwenye chupa. Swali hili naletewa karibu kila wiki, na kila mara linakuja limeshajibiwa nusu: mzazi haniulizi kama ampe, ananiuliza ampe kiasi gani. Kuna imani imeenea kwamba dawa ya mafua ni dawa nyepesi, na kwamba usingizi unaoletwa nayo ni usingizi kama mwingine. Si kweli. Kulewa si kulala. Kinachomfanya mtoto azubae ni kemikali za kundi la antihistamini, yaani dawa za mzio, kama promethazini na klorofeniramini, ambazo zinaupunguza kasi ubongo wake. Na ubongo huo huo ndio unaoamrisha kifua kiinuke na kushuka.

Mwaka 2004 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliamuru promethazini ibandikwe onyo la ngazi ya juu kabisa: asipewe mtoto wa chini ya miaka 2, kwa sababu kuna watoto walioacha kupumua na wakafa. Mwaka 2008 mamlaka hiyo hiyo ikawataka wazazi wasiwape kabisa watoto wa chini ya miaka 2 dawa za mafua na kikohozi zinazouzwa bila cheti cha daktari. Binti yako ana miezi 20. Ndani ya ndege, hewa inakuwa kama ya mtu aliyepanda mlimani mita 1,800 hadi 2,400, yaani oksijeni inayoingia mwilini inapungua kidogo. Mtoto mwenye afya hilo halimsumbui. Aliyeleweshwa, kichwa kimeinama kifuani, amefunikwa shuka na mama naye amepitiwa na usingizi, huyo hali yake ni nyingine.

Halafu kuna jambo ambalo muuzaji hakukwambia, pengine kwa kutolijua. Baadhi ya watoto dawa hizi zinawageuka. Badala ya kulala wanachachamaa, wanalia bila kukoma, wanajirusha. Mzazi akiona hivyo hudhani dozi ilikuwa ndogo, anaongeza. Nimewahi kumpokea mtoto aliyeletwa moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege, hakuamka kwa sauti wala kwa kutikiswa. Kijiko cha kwanza kilimchangamsha, mama akaongeza cha pili, na baba, asiyejua kilichotangulia, akampa cha tatu. Tulikesha naye hadi alfajiri tukihesabu pumzi. Alipona. Tangu siku hiyo, nikisikia mtu anasema "haina madhara" siwezi kunyamaza.

Lakini linaloniogopesha zaidi kwako wewe ni zile siku 6 za karantini. Watu wanaichukulia karantini kama kifungo, kwa hiyo wanatafuta namna ya kumfanya mtoto asiuhisi muda. Karantini ni kipindi cha kuangalia. Homa ya manjano hujitokeza siku 3 hadi 6 baada ya kuumwa na mbu mwenye virusi, na ndiyo maana muda wenyewe umewekwa hivyo. Haiambukizi kwa pumzi wala kwa kushikana. Inahitaji mbu, na chumba hicho kinatakiwa kiwe na kinga ya mbu. Kwa hiyo mkumbatie mwanao utakavyo, lala naye. Kazi yako na ya wahudumu ni moja tu: kumtazama.

Na ana sababu ya pili ya kutazamwa. Chanjo yenyewe ni ya virusi hai vilivyodhoofishwa. Siku hizo hizo mtakazokuwa chumbani, mtoto anaweza kupata homa ndogo na kunung'unika, jambo la kawaida linalopita. Mara chache sana hutokea madhara makubwa kwenye ubongo au viungo vingine, na miongoni mwa dalili zake ni mtoto kulegea na kulala kupita kiasi. Niambie, mama, mtoto uliyemlewesha kwa dawa akilegea, nani atajua ni dawa au ni ugonjwa? Mimi daktari sitajua. Kilio chake, hamu yake ya kula, ukorofi wake wa kuparamia kitanda, hizo ndizo taarifa zetu. Ukizizima kwa kijiko unatuacha gizani.

Kwa sababu hiyo hiyo sitaki mtu ampe mtoto parasetamoli kabla ya kushuka "ili asikamatwe na kipimo cha joto". Hii nayo nimeiona mara nyingi, na inanikera kuliko ninavyoweza kuandika. Parasetamoli ni dawa nzuri kwa mtoto mwenye homa: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara 4 kwa siku. Pima joto kwanza, liandike, mwambie muhudumu, ndipo umpe.

Wengine wakisikia haya hukimbilia dawa za mitishamba, au pipi za melatonini, yaani homoni ya usingizi, kwa kuwa zimeandikwa ni za asili. Watafiti wa Marekani walipopima aina 25 za pipi hizo na kuchapisha matokeo mwaka 2023, aina 22 zilikutwa na kiasi tofauti na kilichoandikwa, na moja haikuwa na melatonini kabisa. Na kuhusu dawa za maji zisizojulikana zilikotoka, kumbuka Gambia. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya dawa nne za maji za watoto zilizokuwa na kemikali za viwandani zinazoharibu figo, zikahusishwa na vifo vya watoto 66. Moja kati ya hizo nne ilikuwa promethazini, dawa ya aina hiyo hiyo wanayowapa watoto ili walale.

Najua nimekunyima kitu bila kukupa kingine. Kwenye ndege, mwache akimbie na achoke kabla ya kupanda. Ndege inapoanza kushuka, karibu nusu saa kabla ya kutua, mwamshe umnyonyeshe au umpe maji anywe kidogo kidogo, kwa kuwa kumeza ndiko kunakofungua masikio. Vilio vingi vya kutua ni maumivu ya sikio, na mtoto aliyeleweshwa hamezi.

Chumbani, asubuhi fungua pazia mapema, mwanga wa jua ndio utakaompa saa mpya ya usingizi. Kwa wastani mwili hukamata karibu saa moja kwa siku ya tofauti ya saa kati ya nchi na nchi, kwa hiyo siku za kwanza atacheza usiku wa manane, na wewe lala naye mchana. Sogeza viti, tandika sakafu, mpe nafasi ya kutambaa na kuruka. Vitu vyake vya kuchezea usivitoe vyote siku ya kwanza. Kila siku toa kimoja alichokisahau. Ogeni kwa muda mrefu, maji ni mchezo tosha. Kama alishaacha kujikojolea na akarudia, au hataki uende hata msalani, usimkaripie. Amepoteza nyumba yake kwa siku moja na hajui maneno ya kusema hivyo. Itampita baada ya wiki chache.

Asipotaka kunywa, akitapika mfululizo, akidegedeka, macho yakawa ya njano au asiamke sawasawa, usingoje zamu ya muhudumu, piga simu wakati huo huo.

Na iwapo ulikuwa umeshampa dawa hiyo kwa majaribio kabla ya kuniandikia, beba chupa kwenye mkoba wa mkononi, andika saa na kiasi ulichompa, na umwoneshe mtu wa kwanza wa afya utakayekutana naye. Hatakugombeza. Anahitaji kujua.